Nimealikwa kupita juu ya barafu ya Hardangerjøkulen na skii mwezi wa tano, niende au nitafute udhuru?

mgeni_bergen

Habarini wakuu. Niko Bergen mwaka wa pili sasa, ofisini nimezungukwa na Wanorwe watupu, na mnawajua hawa watu, kukukaribisha nyumbani kwake kula inaweza kuchukua mwaka ila mlimani atakualika hata mmefahamiana wiki moja. Basi wenzangu watatu wamenialika Jumamosi ya katikati ya mwezi wa tano, tupande treni hadi Finse, tupite juu ya Hardangerjøkulen na skii, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea kwenye theluji, jioni tumerudi. Wanasema ni "lett tur", yaani safari nyepesi.

Mimi nimeteleza misimu miwili tu, tena kwenye zile njia za tambarare zilizochongwa na mashine, mteremko bado nashuka kwa dua. Na hii ni ile barafuto yenyewe tuliyofundishwa kwenye jiografia, ile inayotembea na yenye nyufa, sasa kama nyufa zimefunikwa na theluji mtu anazionaje? Halafu mwezi wa tano huku mjini watu wanavaa kaptula, theluji si ndo inayeyuka, mbona wao wanasema ndo msimu wenyewe? Na nguo je, nivae kama ya mwezi wa kwanza? Naombeni aliyewahi kwenda aniambie ukweli.

baba_skii

Nenda mkuu. Ila hiyo "nyepesi" ipigie mahesabu yako mwenyewe, Mnorwe akisema safari ni nyepesi anamaanisha yeye alipelekwa huko na babu yake akiwa na miaka saba.

Finse iko mita 1222 juu ya usawa wa bahari, ndo stesheni ya juu kuliko zote kwenye reli ya Norwe, na barabara ya gari haifiki. Juu ya barafu ni kama mita 1860, kwa hiyo kupanda kwenyewe ni mita mia sita na kitu tu. Kinachochosha ni urefu wa njia, kwenda na kurudi kilomita ishirini na ushee, na ile barafu haina kilele cha kueleweka, imekaa kama sahani iliyofunikwa kifudifudi, unapanda unaona mwisho ule pale, unafika, kumbe mwisho umesogea mbele, unapanda tena, hivyo hivyo masaa.

Mi nilienda miaka mitatu iliyopita. Tulishuka treni asubuhi na watu kibao wenye mbwa na visledi vya kuburuta mizigo kwenye theluji, tukavuka ziwa ambalo mwezi wa tano huko juu bado limeganda (fuata wenyeji wanapopita, kwenye mdomo wa mto usisogee kabisa), tukapita kibanda wanachokiita Appelsinhytta, yaani kibanda cha chungwa, hapo mbele tukafunga kamba tukaingia kwenye barafu. Asubuhi theluji ilikuwa imeganda kama sakafu ya simenti, skii zinakwaruza kwaa kwaa kwaa. Chini ya skii unabandika kitu kinaitwa ngozi, zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, siku hizi nailoni, manyoya yamelala kuelekea nyuma, ukisukuma mbele zinateleza ukitaka kurudi nyuma zinashika. Kisigino kiko huru, unatembea tu.

Sasa nikuambie kilichonipata. Mchana jua lilizilowesha zile ngozi, halafu juu zaidi tukakuta theluji bado kavu ya baridi, ikaanza kuganda chini ya skii, kila mguu nimebeba tofali, kama mtu anayetoka shambani kwenye matope ya masika. Nakwangua, natembea hatua kumi, limerudi. Mwanamama mmoja wa makamo akanipita anaimba kabisa, akasimama, akanipa kipande cha nta nikasugua nikapona. Beba nta, hata mshumaa utakusaidia.

Kingine jua. Mimi nilijiambia mtu mweusi nimekulia kwenye jua la kweli, hili la Norwe litanifanya nini, sikupaka kitu. Wakuu niliungua chini ya kidevu na NDANI YA TUNDU ZA PUA. Theluji inalirudisha jua juu, linakupiga kutoka chini, na wewe unahema mdomo wazi. Wiki nzima kupenga kamasi ilikuwa adhabu. Paka kila mahali, miwani ya giza iliyoziba pembeni, vua hiyo miwani masaa mawili uone kama usiku utalala.

Nguo: kupanda utatoka jasho na fulana nyepesi ya mikono mirefu, mkisimama dakika tano tu kula mkate upepo unakukumbusha uko wapi, kwa hiyo koti la manyoya liwe juu kabisa kwenye begi, sio chini ya chakula. Kushuka tulifungua kamba maana kushuka na skii mmefungwa wanne ni vichekesho, mmoja akianguka wote mmeanguka.

dada_wa_voss

Kaka umeeleza vizuri sana na hapo kwenye pua nimecheka, ila hapo pa kufungua kamba naomba nipinge maana mwenye swali ni mgeni atakuja kulichukua kama ruhusa.

Mgeni, nyufa ziko hivi. Ile barafu ina sehemu ambazo unene unazidi mita 300, na inateremka polepole kwa uzito wake. Ikipita juu ya kilima cha mwamba huko chini inabidi ijikunje. Chukua mkate uukunje mgongo, juu unapasuka chini haupasuki, ndo hivyo hivyo, nyufa mara nyingi zinaishia kama mita 30 maana chini zaidi barafu inagandamizwa inajifunga yenyewe. Mita 30 lakini ni ghorofa kumi. Kwa hiyo katikati kule tambarare huwa ni salama zaidi, hatari iko kwenye kingo, na kila sehemu ambapo mteremko unaanza kuinama. Ukiona uso wa theluji una kibonde kirefu kama godoro lililolaliwa, shtuka.

Na swali lako la mwezi wa tano: theluji yote ya tangu mwezi wa kumi imejazana juu ya hizo nyufa, ndo paa lilipo nene kuliko wakati wowote wa mwaka, na juu yake ni mchana mrefu, jua linazama kwenye saa nne usiku. Ukingoja mwezi wa saba paa limeliwa. Ila paa lile lile ambalo saa mbili asubuhi lilikubeba vizuri, saa tisa mchana ni uji, na saa tisa ndo mnashuka, ndo mnataka kufungua kamba!

Mimi nimesoma kozi ya barafuni, siku mbili. Mwalimu alinipa fimbo ya kupimia kina akaniambia choma hapo mbele yako. Nikachoma, ikashika kidogo, halafu ikaenda yote mpaka mkononi. Nilipoichomoa likabaki tundu dogo kama la kikombe, kingo za buluu, ndani giza, na ubaridi ukanipanda usoni kama mtu kafungua friza. Na mimi sekunde hiyo nilikuwa nimesimama najipiga picha. Juu hapakuonekana kitu, theluji safi tu.

Wanne kamba moja, kati ya mtu na mtu mita kumi au zaidi, kamba isilegee na usiishike mikononi kwa mikunjo, mmoja akizama watatu wanakaa chini wanakuwa nanga. Ikilegea utavutwa ghafla na wewe unaenda naye.

kaka_mkaa_chini

Mimi Kilimanjaro kwenyewe niliishia getini Marangu nikanunua kofia nikarudi. Nawafuatilia tu hapa na chai yangu.

baba_skii

Dada nimekuelewa. Kujitetea kidogo tu, njia ile ya Finse mwaka wenye theluji nyingi utaona wenyeji kibao hawafungi kitu, hata sisi tuliowafuata walikuwa hivyo. Ila kweli wao wameikariri barafu, mimi nilikuwa naiga.

dada_wa_voss

Na hao wenyeji unaowaona ni wale waliorudi.

Mgeni nimesahau ukungu, na kwangu huo ndo mbaya kuliko nyufa. Mawingu yakishuka juu ya ile sahani, theluji nyeupe, hewa nyeupe, hujui hata kama unapanda au unashuka. Mimi nilikuwa nimesimama kabisa nikahisi nateleza, nikaanguka mwenyewe bila kuguswa. Kwenye njia za kati ya vibanda msimu wa baridi huwa wanachomeka vijiti kuonyesha njia, juu ya barafu usivitegemee. Dira na ramani ya karatasi, na GPS, na anayejua kuvitumia awe zaidi ya mmoja.

Siku mbili kabla ingia kwenye tovuti zao, angalia Yr kwa upepo na Varsom kwa maporomoko ya theluji. Wakikuambia upepo mkali msibishane na tiketi ya treni. Wanorwe wana kanuni zao tisa za mlimani, walizitangaza kwa nguvu baada ya Pasaka ya 1967 walipokufa watu 18, na ya nane inasema geuza mapema, kugeuza si aibu. Hata mabosi wanaiheshimu hiyo, ukisema "turudi" hakuna atakayekucheka. Mkipatwa kabisa piga 112, kuokolewa hakuna bili, ila mtandao usiutegemee kila mahali.

mgeni_bergen

Asanteni sana mmenifungua macho. Swali la aibu kidogo: mmefungwa kamba wanne, mita kumi kumi, uwanja mweupe hauna hata jiwe. Mtu akibanwa na mkojo?

baba_skii

Unapaza sauti, wote wanageuka upande wa pili wanasifia mandhari. Kamba haifunguliwi, hapo nakubaliana na dada.

dada_wa_voss

Kwa sisi wanawake nunua mkanda wa kufungia kamba ambao kamba za mapajani zinaachia nyuma peke yake, kiunoni unabaki umefungwa. Hilo hakuna mwanaume aliyenitajia, nililigundua juu kule.

kaka_mkaa_chini

Chai imenipalia.

mgeni_bergen

Mrejesho wakuu, safari bado wiki mbili. Nilimwambia yule kiongozi wetu kwamba mimi siendi kama hatufungi kamba kwenda na kurudi, na kwamba sijawahi kumvuta mtu kwenye ufa. Nilidhani atanuna. Akafurahi! Akasema basi Jumapili tufanye mazoezi. Tumeenda kwenye msitu nyuma ya nyumba yake, tukafunga kamba kwenye mti, mimi nikaning'inia kwenye ukingo wa mwamba kama mita mbili hivi, wenzangu wakawa wananivuta kwa zile roda ndogo. Imewachukua dakika arobaini, mara ya kwanza kamba ilijisokota wakaanza upya, mimi niko pale naning'inia nakula karanga. Akapita bibi mmoja na mbwa wake, akasimama, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Hardangerjøkulen?" Nikasema ndiyo. Akasema kumbuka kupaka puani, akaenda zake.