Mwanajeshi aliye likizo amemvunja mkono mdogo wangu, kambi inataka tusaini karatasi. Naombeni ushauri

Kaka Mkubwa

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na hasira na hofu kwa pamoja, mnivumilie kama maelezo yatarukaruka.

Mdogo wangu wa kike ana mtoto na mwanajeshi. Waliachana mwaka jana, na sote tuliamini wameachana kwa amani. Jumamosi iliyopita jamaa alikuja akiwa likizo, amevaa bukta na kandambili, hana sare wala silaha. Alitaka kuondoka na mtoto usiku ule ule. Mdogo wangu akamwambia asubiri kupambazuke. Akamkaba shingo, kisha akampiga kwa kiti cha mbao. Mkono wa kushoto umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Majirani walipoingia, aliwaambia maneno ambayo hadi leo hayanitoki kichwani: "Nendeni polisi mkitaka. Mimi nina kambi yangu, polisi hawanigusi."

Jumatatu walikuja watu wawili, wakasema wametumwa kutoka kikosini kwake. Walikuwa na heshima zote, pole nyingi. Wakatoa karatasi iliyochapwa: mlalamikaji amesamehe, suala litamalizwa ndani, gharama za hospitali zitalipwa, naye hatafungua kesi mahali pengine popote. Ijumaa wanarudi kuchukua sahihi. Mdogo wangu aliishika ile karatasi kwa mkono mmoja, akaniuliza, "Kaka, hapa nasaini kwa mkono upi?" Ni mtu wa mkono wa kushoto.

Ninachoomba kujua: ni kweli polisi hawamgusi? Na tukisaini, tumepoteza nini? Naomba nisitaje nchi wala kikosi kwa usalama wake.

Nesi wa Zamu

Pole sana kaka, mpe pole na mdogo wako. Wanasheria watakuja na yao, mimi nina swali moja ambalo haliwezi kusubiri: umesema alikabwa shingo. Je, sauti yake imebadilika? Anapata shida kumeza? Ana vidoti vyekundu kwenye weupe wa macho au nyuma ya masikio? Alipoteza fahamu au alijikojolea wakati anakabwa?

Watu wote wanaangalia mkono kwa sababu una plasta. Shingo ndiyo inayoua. Mtu anaweza kukabwa asiachwe na alama hata moja kwenye ngozi, lakini ndani mshipa wa damu umeumia, akapata kiharusi siku kadhaa baadaye. Mrudisheni hospitali leo, na amwambie daktari kwa maneno yake kwamba alikabwa, ni kwa muda gani, kwa mkono mmoja au miwili. Hakikisheni yameandikwa kwenye faili. Faili likiandikwa "ameanguka" au "ugomvi wa nyumbani" basi, mahakamani mtahangaika sana.

Kaka Mkubwa

Sauti imekwaruza tangu Jumapili. Tulidhani ni kulia. Tunaondoka sasa hivi.

Msomi wa Sheria

Wakati mko hospitali nakujibu swali la kwanza, maana ile kauli ya "polisi hawanigusi" nimeisikia mara nyingi mno na inanikera.

Mwanajeshi ana sheria mbili juu ya kichwa chake. Ana sheria ya jinai inayomhusu kila mtu, halafu ana sheria ya nidhamu ya jeshi inayomfuata hadi likizo. Raia anayevunja mkono wa mtu ana kesi moja. Mwanajeshi aliyefanya vivyo hivyo ana kesi, na juu yake ana cheo, kazi na kiinua mgongo vinavyoning'inia. Sare inamwongezea mzigo, haimpunguzii.

Kuna kesi ya Marekani inayofanana na yenu kwa namna ya kushangaza. Sajenti mmoja alikuwa na ruhusa ya jioni huko Honolulu, amevaa kiraia, akavamia chumba cha hoteli na kumshambulia msichana. Jeshi likamhukumu. Mwaka 1969, katika kesi ya O'Callahan v. Parker, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema jeshi lilikosea kumhukumu, kwa kuwa kosa halikuhusiana na utumishi wake; alistahili mahakama ya kiraia. Mwaka 1987, katika kesi ya Solorio, mahakama hiyo hiyo ikageuza msimamo: kuwa mwanajeshi tu kunatosha kwa jeshi kumshtaki, popote alipotenda kosa. Angalia walichobishania miaka yote hiyo. Walibishana kama *jeshi* lina mamlaka juu ya mtu aliye nje ya zamu. Kwamba mahakama ya kawaida ingeweza kumhukumu, hilo halikuwa na ubishi.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Ujerumani haina kabisa mahakama za kijeshi za jinai, askari wake wanapandishwa kizimbani palepale wanapopandishwa raia. Ufaransa ilifuta mahakama zake za kijeshi za wakati wa amani mwaka 1982. Kanada, mauaji yaliyofanyika ndani ya nchi hayaruhusiwi kusikilizwa na mahakama ya jeshi. Kenya, Katiba ya 2010 inaitaja mahakama ya kijeshi miongoni mwa mahakama za chini, pamoja na za mahakimu. Kwa hiyo hata ikikaa kambini, ina wakubwa wake huko juu.

Mwana wa Kivu

Msomi, umesema vema ila usiwape watu jibu moja la dunia nzima. Kwetu Kongo ni kinyume. Katiba ya 2006, ibara ya 156, inaweka makosa ya wanajeshi na ya polisi chini ya mahakama za kijeshi. Mke wa askari akipigwa, hata kama askari alikuwa na singlendi tu mwilini, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, sisi tunamwita oditeri.

Lakini sikiliza Kaka Mkubwa, hata huko kwetu hiyo karatasi yako si kesi. Oditeri ni mtu mwingine, kamanda wa kikosi ni mtu mwingine. Watu wawili kuja nyumbani na karatasi si mahakama ya kijeshi. Mahakama ya kijeshi ina majaji, ina hati ya mashtaka, na mwathirika anaweza kujiunga kudai fidia. Kama nchi yenu ni ya mtindo wetu, usikwepe jeshi, ila peleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka wake kwa maandishi.

Msomi wa Sheria

Nakubali kabisa, umenirekebisha mahali pake. Niseme hivi: mlango unatofautiana kwa nchi, ila kila nchi ina mlango, na hakuna ambako mlango huo ni sebule ya mlalamikaji.

Mstaafu wa Kikosi

Nimelitumikia jeshi miaka 22, naomba niseme nilichokiona kwa macho.

Kamanda wa kikosi ana mamlaka ya kusikiliza makosa madogo yeye mwenyewe. Kuchelewa kurudi kutoka likizo, kulewa, kumjibu mkubwa vibaya. Adhabu zake ni za kimo hicho hicho: karipio, kukatwa mshahara, siku chache mahabusu ya kambi. Kosa la kuvunja mfupa wa mtu likisukumwa kwenye meza hiyo, linatoka na adhabu ya kuchelewa kurudi. Hapo ndipo maneno "tutamalizana ndani" yanapolenga. Si kila kamanda ana nia mbaya. Wengi wanaogopa jina la kikosi, na wengine wanampenda kijana wao kwa sababu ni mchapakazi. Mwathirika hana habari na hayo.

Kijana akifungwa na mahakama, kamanda hana ujanja, barua inakuja na hatua za kumwondoa zinaanza. Akipewa karipio, anarudi zamu Jumatatu. Na anarudi kwenye bunduki.

Usimfokee mtu yeyote kambini. Ripoti polisi kwanza, kisha andika barua kwa kamanda, nakala kwa polisi jeshi, ukitaja tarehe, saa, majina ya mashahidi na namba ya taarifa ya polisi. Barua ikishapigwa muhuri wa kupokelewa, hakuna anayeweza kusema hakujua. Polisi nao mara nyingi humwomba kamanda amtoe mtuhumiwa, hawavamii kambi. Huo ni utaratibu wa kawaida, msiufikirie kuwa ni kukataa.

Upole

Mimi nitasema tofauti, msinishambulie. Huyu ni baba wa mtoto. Akifukuzwa kazi na kufungwa, matumizi ya mtoto yatatoka wapi? Gharama za hospitali wamekubali kulipa. Mara nyingine kusamehe kunaokoa zaidi ya kushinda.

Bi Zaituni

Mwanangu Upole, sikushambulii, ila niliishi na mwanamume wa namna hiyo miaka tisa na nilisaini karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri kuliko zote.

Tena fikiria: anayesamehe ni yule aliyeumizwa, kwa hiari, akiwa amepona. Huyu binti hajaanza hata kumeza mate vizuri, ameshawekewa siku ya mwisho ya kusamehe.

Msomi wa Sheria

Hoja ya Upole ina mahali pake kisheria, ndiyo maana naijibu kwa makini. Kenya na Tanzania, sheria za mwenendo wa jinai zinamruhusu hakimu kuhimiza wahusika wapatane na kulipana fidia kwa shambulio lisilo zito. Lakini linafanyika *mbele ya mahakama*, kumbukumbu inabaki, na mtu akikiuka anajua anarudi wapi. Kuvunja mfupa na kukaba shingo si shambulio dogo. Kwa Kenya, kusababisha madhara makubwa mwilini kunaweza kufikia kifungo cha maisha. Hata lile la kudhuru mwili la kawaida linafika miaka 5.

Na kuhusu karatasi: kosa la jinai ni la dola dhidi ya mtuhumiwa. Mdogo wako ni shahidi mkuu, si mmiliki wa kesi. Kwa hiyo ahadi ya "hatafungua kesi popote" haiwafungi polisi wala mwendesha mashtaka. Itakachofanya ni kumharibia yeye. Siku akisimama kizimbani, wakili wa utetezi ataifungua na kumuuliza, "Hii sahihi ni ya nani?"

Mbali na Nyumbani

Naishi Marekani, naomba niongeze jambo moja kuhusu kesi kumalizwa na jeshi bila taarifa kutoka nje. Huku tangu mwaka 1996 sheria inamzuia aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani kumiliki bunduki, hata kama ni mwanajeshi, hata ya kazini. Mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mtu wa jeshi la anga kwa kumpiga mkewe na mtoto mdogo wa mkewe. Akafungwa mwaka mmoja, akatolewa jeshini. Jeshi halikupeleka taarifa kwenye hifadhidata ya FBI, ile inayotumika kuwakagua wanunuzi wa bunduki. Akanunua bunduki dukani kama mtu safi, na Novemba 2017 akaua watu 26 kanisani Sutherland Springs, Texas. Mwaka 2021 jaji akaona serikali ina sehemu kubwa ya lawama kuliko hata muuaji mwenyewe, asilimia 60.

Mtu yule alihukumiwa, na bado kumbukumbu kubaki ndani kulitosha kuua watu. Sasa huyu wenu hata hukumu hana.

Nesi wa Zamu

Kaka, mmefika? Mkiwa hapo, ombeni fomu ya polisi ya matibabu ijazwe na daktari aliyemwona: Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Piga picha shingo na mkono leo, na tena baada ya siku mbili, michubuko huwa inakolea baadaye. Nguo aliyovaa usiku ule msiifue. Ikaushe, iweke kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inaifanya ivunde.

Kaka Mkubwa

Tumerudi. Daktari ameagiza picha ya mishipa ya shingo, imeonekana kuna uvimbe, mdogo wangu amelazwa. Kasema tungechelewa zaidi angekuwa anatuambia mengine. Nesi wa Zamu, sijui niseme nini.

Kituoni tulikaa saa tatu. Askari wa kwanza alituambia twende kambini. Nikamwambia kwa upole nahitaji namba ya taarifa tu, na akikataa aniandikie kwamba amekataa. Mkubwa wake akatoka ofisini, akasoma faili la hospitali amesimama, akatuandikia yeye mwenyewe. Majirani wawili wametoa maelezo. Barua kwa kamanda nimeichapa usiku huu, Mstaafu, nimefuata mpangilio wako.

Ijumaa wale watu wakija niwaambie nini?

Mstaafu wa Kikosi

Wakaribishe mlangoni, usiwaingize ndani. Uwe na shahidi. Uliza majina yao, vyeo, na nani kawatuma, uandike mbele yao. Kisha wape nakala ya barua na uwaambie suala liko polisi kwa namba hiyo. Kama wanataka kulipa hospitali, walipe hospitali moja kwa moja na risiti iandikwe jina la mgonjwa, bila sahihi yenu popote.

Bi Zaituni

Na mtoto yuko wapi usiku huu?

Kaka Mkubwa

Yuko kwangu, bibi. Amelala. Kabla ya kulala ameniomba nikihamishe kiti kimoja cha mbao chumbani, nimekitoa nje.