Muhogo wa Jang'ombe ni wa Siti au wa Kidude?

Mkaazi wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Juzi usiku redio moja ilipiga Muhogo wa Jang'ombe, sauti ya marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa Unguja. Wimbo ulipokwisha mtangazaji, kijana mdogo tu, akasema "huo ni wimbo wake mwenyewe Bi Kidude." Nilitamani niingie ndani ya redio. Wimbo ule wazee wetu wote wanautambua kuwa wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyemtangulia. Lakini tuseme kweli, Kidude aliuchukua akaufanya mwengine kabisa.

Sasa nauliza, na naomba tujibizane kwa hoja: mtu akiimba wimbo wa mkubwa wake auimbe kama alivyoukuta, au ana ruhusa ya kuugeuza? Maana vijana siku hizi kila mmoja anarejea nyimbo za zamani na kila mmoja anazipinda anavyotaka. Mie nasema zisiguswe.

Fundi Udi
Wa alaykum salaam, sheikh. Zisiguswe zikiwa vipi? Siti na wenzake, akina Mbaruku na Maalim Shaabani, walianza kurikodiwa Bombay mwaka 1928. Sahani zile za mizunguko 78 upande mmoja ulichukua kama dakika 3, haukuvuka sana hapo. Harusini watu walikuwa wanakesha na wimbo. Kwa hiyo hicho unachokiita "kama alivyoukuta" ni kipande kilichokatwa kienee kwenye sahani. Kidude hakujifunzia kwenye sahani tu. Mwenyewe alikuwa akisimulia namna alivyokuwa akimsikiliza Siti akiimba, yeye akiwa msichana. Nani atatuambia ipi ndiyo asili, ya Bombay au ile aliyoisikia yule mtoto?

Halafu msikilizeni vizuri. Chukua pale anapoanza peke yake, hakuna fidla, hakuna ganuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi. Neno la mwisho la mstari analivuta mpaka unadhani pumzi imemwishia, kumbe bado, analipandisha kidogo, kisha analiacha lianguke lenyewe. Ngoma ya dumbaki ikiingia yeye haikimbilii. Anakuja nyuma yake, kama mtu asiyekuwa na haraka ya kufika. Ukimpa wimbo huohuo mwimbaji aliyesoma atauimba juu ya pigo, safi, na hutokumbuka kitu. Mie napiga udi siku nyingi, na nawaambia kumfuata mwimbaji wa namna ile kunatoa jasho.

Bint Malindi
Jasho linatoka kwa sababu haendi na wakati! Jamani tusidanganyane. Bi Kidude alikuwa fundi wa ngoma za unyago na msondo, huko tumpe haki yake yote. Taarab ina adabu zake. Watu wanakaa, bashrafu, muziki wa kufungulia usio na maneno, inapigwa, mwimbaji anasimama ametulia, fidla zinamjibu. Ile ni sauti ya sigara mnaifanya sanaa. Na wanaoisifu sana nimewachunguza, ni watu wa shamba na Pemba, ambao taarab wameijulia kwenye redio ya mkulima.

Mwana wa Wete
Hebu rejea hapo mwisho, bibie. Pemba imefanya nini?

Bint Malindi
Nimesema redio ya mkulima. Ni tusi?

Mwana wa Wete
Si tusi, ni ujinga. Taarab mwaimba nini? Maneno. Na maneno ukitaka kujua yalipikwa wapi kamuulize Kamange, Ali bin Said Jahadhmy, aliyekufa 1910. Kamuulize Sarahani bin Matwar. Wale walikuwa wakijibizana kwa mashairi Pemba hii hii na Siti bado hajajulikana mjini. Kitabu chao kipo, Kale ya Washairi wa Pemba, kimetoka 2011, kasome ujue mapenzi yalivyokuwa yakisemwa na watu waliojua kusema. Siku hizi nyie mjini mwaimba "umeniacha nalia" beti tatu nzima na watu wanatoa pesa.

Kanga Moja
😂😂 "umeniacha nalia" imenimaliza

Bint Malindi
Kamange alikuwa mshairi, hakuwa na kilabu cha taarab. Usichanganye mambo. Mimi nazungumzia muziki.

Mwana wa Wete
Na mie nazungumzia hiyo "redio ya mkulima" yako. Uliyeanzisha ni wewe.

Mzee wa Raha Leo
Wanangu, taratibu. Mimi ni wa Unguja na nasema Bint Malindi kakosa adabu kwa ndugu zetu. Lakini na wewe wa Wete, ushairi hauwi taarab mpaka upate mahadhi. Na hayo mahadhi tuliazima. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyeleta wapigaji kutoka Misri, akampeleka na Mohamed Ibrahim Cairo kusoma ganuni. Kilabu cha Ikhwani Safaa kilipoanza 1904 kilikuwa kikiimba Kiarabu kitupu.

Fundi Udi
1905, mzee wangu.

Mzee wa Raha Leo
1905, haya. Ninachotaka kusema ni kwamba muziki wetu wote ni wa kurejea cha mtu. Nyimbo ngapi za Misri zimetiwa maneno ya Kiswahili? Filamu ngapi za Kihindi zimetoka sinema zikaingia harusini wiki ileile? Hakuna aliyesema "zisiguswe". Leo Kidude kagusa wa Siti, imekuwa kesi.

Mkaazi wa Mkunazini
Ahsante mzee, umeturudisha kwenye mada. Ila hapo pana tofauti. Kuazima mahadhi ya Misri ni jambo moja. Kuna nyimbo za Siti ambazo ni habari. Chukua Kijiti. Mwanamke kauawa, muuaji kakimbia, mashahidi ndio wakaishia kufungwa. Siti kaimba hayo watu wakiwa bado wanalizungumza jambo lenyewe. Ukija leo ukaondoa beti kwa sababu ni ndefu, au ukazigeuza mbele nyuma, umeharibu ushahidi. Mahadhi shauri yako, lakini maneno ya wimbo kama ule mtu asiyaguse.

Kanga Moja
Mie sina haja na mashahidi. Nataka Bint Malindi anijibu. Unamsemaje "sauti ya sigara" mtu aliyekwishatangulia mbele ya haki? Bibi yule kafa Aprili 2013, mji mzima ulikwenda kumzika, wakubwa kwa wadogo. Sauti yako wewe imekwenda wapi zaidi ya jikoni kwako? Yeye kapewa tuzo kubwa Ujerumani na dunia ikasimama.

Fundi Udi
Ilikuwa Newcastle, Uingereza. Tuzo ya WOMEX, yale maonesho ya muziki wa dunia, 2005.

Kanga Moja
Ulaya ni Ulaya, Fundi, usinikate maneno.

Bint Malindi
Hiyo tuzo ndiyo hasa iliyotuponza. Wazungu wanataka nini? Wanataka bibi kizee, ngoma mapajani, sigara mkononi, waseme "hii ndiyo Afrika". Wakikaa mbele ya Ikhwani Safaa, watu wamevaa vizuri na fidla zao, wanasinzia. Basi na sisi tukaanza kumpenda walipompenda wao. Kabla ya hapo nani alikuwa akimwita mwimbaji mkubwa wa taarab? Semeni kweli, mlio wakubwa.

Mzee wa Raha Leo
Nitakujibu mimi niliye mkubwa. Miaka ya 80 Mohamed Ilyas na kundi lake la Twinkling Stars ndio waliomsimamisha tena jukwaani, na Mohamed Ilyas si Mzungu, ni mwimbaji wetu, tena mwenye sauti laini kuliko zote nilizozisikia. Mtu kama yule, anayeimba kama anamwaga samli, kaona sauti ya Kidude ina kitu. Kaona nini ambacho wewe hukioni?

Bint Malindi
Labda aliona tiketi.

Kanga Moja
Astaghfirullah.

Mpiga Kidumbaki
Mimi nipo kimya nasoma, lakini hapo kwenye "adabu ya taarab" naomba niingie. Huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, Kikwajuni, Miembeni, Jang'ombe yenyewe, taarab ya kukaa kitako ilikuwa ya wenye nafasi. Sisi tulikuwa na kidumbaki: fidla moja, besi ya sanduku, vidumbaki viwili, na watu wanacheza. Nyimbo tunazochukua ni hizohizo za vilabu, tunaziunganisha moja baada ya moja, tunazikimbiza. Hakuna mtu aliyekuja kutushitaki. Sasa mwimbaji wa kidumbaki akichukua wimbo mzito wa kilabu cha Culture akautia mbio, mama mmoja kasimama kwenye mchanga kavua viatu, utamwambia "hukuuhifadhi"? Na Siti mwenyewe alitokea shamba, Fumba, akiuza vyungu. Bint Malindi angekuwapo siku zile angesema "huyu wa vyungu taarab kaijulia wapi?"

Mwana wa Wete
Allahu akbar. Mtu wa shamba ndiye aliyewafundisha mjini kuimba. Nakili hiyo, Bint Malindi.

Bint Malindi
Siti alikuja mjini AKAFUNZWA. Alikaa na walimu, akajifunza udi, akajifunza kutamka. Ndiyo hoja yangu yote, na hamna hata mmoja aliyeigusa. Kidude hakufunzwa, kajiokotea.

Fundi Udi
Kajiokotea kwa Siti. Okota hiyo na wewe tukusikie.

Ukhti Salma
Samahani kuingilia wakubwa. Mimi nimesoma muziki kidogo pale Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Tulipokuwa tunapewa nyimbo za zamani mwalimu alikuwa anatutaka kwanza tuzijue kama zilivyo kwenye rikodi, kila pambo la sauti, mpaka mtu akifumba macho asijue ni nani. Ukishaweza, ndipo anakuambia haya sasa imba wewe. Wengi tulikuwa tunakwama hapo pa pili. Kuiga nilikuwa naiga vizuri sana. Nikiambiwa imba yangu, sauti inakuwa ndogo. Siti and the Band, lile kundi la vijana wa Zanzibar, ukiwasikiliza utaona wamevuka hapo: udi upo, ganuni ipo, na bado unasikia wasichana wa leo. Kwa hiyo mimi sioni ugomvi. Bi Kidude alivuka zamani.

Mkaazi wa Mkunazini
Mwanangu Salma, umesema vizuri. Lakini je, ulipofundishwa uliambiwa wimbo ni wa nani? Ndilo lililonikera kwa yule mtangazaji.

Ukhti Salma
Tuliambiwa, ami. Jina la mtunzi, la mwimbaji wa kwanza na kilabu.

Mpiga Kidumbaki
Basi kesi imekwisha, ni ya mtangazaji.

Mama Harusi
Haijakwisha. Nyie mnagombana Siti na Kidude, mie nawauliza kuhusu hawa kina mama wa kutunza. Nimekwenda taarab hivi karibuni, kapanda kijana wa kiume, kaimba wimbo wa zamani wa Bakari Abeid, wallahi kauimba mpaka nywele zimenisimama. Alipofika penyewe, pale sauti inaposhuka pole pole, kaingia mama mmoja na buibui lake, noti anaitoa moja moja, anamzungushia kichwani, anamgeukia shoga yake chini anamnyooshea kidole kwa lile neno. Wa pili kaja kumjibu. Wa tatu. Kijana karejea mstari uleule mpaka umechakaa. Wimbo wa mapenzi umegeuka wa ugomvi wa mtaa. Huyo ndiye anayegeuza nyimbo, si mwimbaji!

Kanga Moja
Mama Harusi usituguse. Kutunza ni haki ya msikilizaji. Mimi nikiwa na langu moyoni na neno limenifika, nikae nalo?

Mama Harusi
Kaa nalo mpaka fidla zimalize.

Kanga Moja
Likishapoa halina faida 😏

Fundi Udi
Kusema kweli kwetu wapigaji kile ni chakula. Lakini ni kweli, ukiona noti zinaingia unajua beti ya mwisho haitofikiwa leo. Nyimbo nyingine vijana hawajui hata kama zina beti ya mwisho.

Mzee wa Raha Leo
Na hapo ndipo penye khasara, kuliko hayo ya Kidude. Mtunzi kaficha fumbo lake kwenye beti ya mwisho, watu wameshasimama wanatunza kwenye ya pili. Nimeyaona haya kwa Culture, nimeyaona kwa kilabu cha Malindi.

Mkaazi wa Mkunazini
Jamani, swali langu lilikuwa: auimbe kama alivyoukuta, au augeuze?

Fundi Udi
Nilikujibu mwanzo kabisa, sheikh. Sahani, dakika 3. Hakuna aliyelisoma, mlikimbilia sigara na Pemba.

Mwana wa Wete
Pemba haijesha. Bint Malindi hajasema kitu. Nauliza kwa heshima: "redio ya mkulima" unaifuta au huifuti?

Bint Malindi
Siifuti. Nitajie mwimbaji mmoja wa Wete wa kukaa na Bakari Abeid na Siti, mmoja tu, nami nitakuja huko mwenyewe nikae kitako nimsikilize.

Mwana wa Wete
Sikutajii. Njoo Wete msimu wa karafuu, uwasikilize wachumaji juu ya mikarafuu huko. Majina utawauliza mwenyewe.

Bint Malindi
Nauli ya boti unalipa wewe?

Mwana wa Wete
Ya kuja nalipa. Ya kurudi utawaimbia wakutunze.