Naomba ushauri: mashine zangu zina CE tu, mteja anadai UKCA

Wakuu habari zenu. Niko Leicester huku Uingereza, nina kabiashara kangu ka kuagiza mashine za kukandia unga kutoka Italia, nawauzia wenye bekari na akina mama wanaopika maandazi na chapati za oda. Zote zina nembo ya CE, ile ya Umoja wa Ulaya ya kuonyesha bidhaa imekidhi viwango vyao. Sasa juzi mteja kagoma kulipa, anasema tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya bila UKCA, yaani nembo ya Uingereza yenyewe ya kazi hiyo hiyo, hiyo ni magendo, nikabaki nimeduwaa maana mzigo mwingine ushalipiwa uko njiani.

Ninavyojua UKCA ilianza Januari 2021, wakawa wanasogeza mwisho wa CE mpaka tukachoka, halafu 2023 serikali ikatangaza CE itaendelea kukubalika bila kikomo kwa bidhaa nyingi, mashine zikiwemo, sheria yake ikaanza Oktoba 2024. Huyu naona ananizingua tu nimpunguzie bei.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba zamani kabla Uingereza haijajitoa nilikuwa msambazaji tu, sasa kisheria mimi ndo mwagizaji, na jina na anwani yangu lazima viwepo. Stika inatosha au nichonge kibati? Na ile hati ya mtengenezaji kwamba mashine imekidhi viwango mnaitunzaje miaka yote 10?

Halafu kuna oda ya Belfast, Ireland Kaskazini wao wanafuata CE, UKCA peke yake haitoshi, kwa hiyo nembo sina shida ila makaratasi ya kuvusha mzigo ndo sielewi kabisa. Aliyewahi kupeleka huko anisaidie jamani, hata inbox poa.