Vikombe viwili, kisahani kimoja: je, seti hii ya Worcester imepungua?

Mkusanyaji wa Upanga
Habari za jioni, wanajukwaa. Hapa Dar es Salaam kuna mfanyabiashara wa vitu vya kale anayeniuzia vyombo vitatu vya kauri ya Kiingereza: kikombe kirefu cha kahawa chenye mkono, kibakuli cha chai kisicho na mkono, na kisahani kimoja chenye kina, vyote vikiwa na maua ya buluu yaliyochapwa. Chini yake kuna alama ya mwezi mwandamo uliojazwa mistari, ingawa kwenye kisahani imefifia. Anasema ni kazi ya karne ya 18 ya Worcester, kiwanda cha kauri cha Uingereza, na kwa kuwa kisahani cha pili kimepotea amenipunguzia bei kidogo. Naomba kujua kama kweli seti imepungua, na kama alama hiyo inatosha kuniaminisha kabla sijatoa fedha.

Mama Kabati
Ndugu yangu, hakuna kisahani kilichopotea. Seti za Kiingereza za wakati huo zilikuwa na vikombe vya kahawa na vibakuli vya chai vilivyotumia visahani vilevile, kwa kuwa mtu hanywi chai na kahawa kwa pamoja. Kitazame vizuri hicho kisahani: ukiona katikati hakina kile kishimo cha kukalisha kitako cha kikombe, basi ni cha enzi hiyo, na ndiyo sababu kiliweza kupokea chombo chochote kati ya hivyo viwili. Nakusihi usikichukue kikombe peke yake, hata kama unakusanya vya kahawa tu. Vyombo vitatu vilivyodumu pamoja zaidi ya miaka 200 vikitenganishwa leo, hakuna atakayevikutanisha tena.

Mzee wa Tochi
Alama peke yake haitoshi. Worcester, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1751, kilitumia mwezi wenye mistari kwenye vyombo vya kuchapwa na mwezi mtupu kwenye vilivyochorwa kwa mkono. Lakini Lowestoft, kiwanda kingine cha Uingereza, waliuiga, na Caughley, kiwanda cha Thomas Turner ambaye naye alitokea Worcester, kiliweka herufi C ambayo ikififia hudhaniwa kuwa mwezi. Baadaye Samson wa Paris, mtengenezaji wa nakala za kauri, akanakili kazi za Waingereza kwa kauri ngumu zaidi.

Kwa hiyo zima taa, washa tochi ya simu nyuma ya chombo, kisha uangalie rangi ya mwanga unaopenya. Worcester walichanganya jiwe la sabuni katika udongo wao, jambo lililovifanya vikombe vyao vistahimili maji yanayochemka wakati vya viwanda vingine vilikuwa vikipasuka, na mwanga wake kwa kawaida huelekea kijani. Wa Caughley mara nyingi huelekea chungwa. Halafu gonga ukingo kwa ukucha, taratibu: chombo kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mkusanyaji wa Upanga
Shikamoo Mzee. Nimekwenda leo na tochi. Kikombe na kibakuli vimetoa mwanga wa kijani na vinalia vizuri. Kisahani, ambacho kweli hakina kishimo, kimetoa rangi ya chungwa, na nilipofuta vumbi chini yake nimeona herufi C. Je, niache?

Mzee wa Tochi
Marahaba. Usiache. Viwanda hivyo viwili vilitumia baadhi ya mapambo yanayolingana, hivyo huenda mwenye seti alivunja kisahani cha awali akatafuta cha kufanana, nacho pia ni kauri halisi ya karne ya 18. Mlipe bei ya kikombe na kibakuli vya Worcester, kisahani ukihesabie bei yake yenyewe, na uandike jambo hilo kwenye karatasi utakayoiweka pamoja na vyombo, ili atakayevirithi asidanganyike.

Mama Kabati
Ukivifikisha nyumbani, vioshe kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, bila dawa yoyote yenye klorini. Usikitundike kikombe kwa mkono wake, kwani hapo ndipo kinapokatikia, na vishikizo vya chuma katika hewa yetu ya bahari hushika kutu na kuacha madoa kwenye kauri. Kidaka cha ukutani, kama vile vya nyumba za kale za mwambao, kinafaa kuliko ndoana yoyote.