TB ya uti wa mgongo inarithiwa?

Kitindamimba:
Wakuu, habari zenu. Dada yangu aliugua TB ya mapafu akapona. Sasa mimi nimekutwa nayo kwenye pingili mbili za kiunoni, na babu mzaa mama alikufa na kibiongo. Mama mdogo anasema ni ugonjwa wa damu yetu, nisithubutu kuzaa. Kuna ukweli?

Nesi Mstaafu:
Pole mdogo wangu. Zaa ukitaka. TB huambukizwa kwa hewa. Kinachorithiwa ni namna mwili unavyopambana nayo. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huugua maishani mwao. Mwaka 1930 kule Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga 251 walinyweshwa chanjo ya BCG iliyochanganyika kimakosa na bakteria wakali wa TB. Zaidi ya 70 walikufa, ila wengi walinusurika. Dozi hazikuwa sawa, hilo nakubali, lakini miili nayo haikuwa sawa.

Kwa mgongo hasa, watafiti wa China wameichunguza sana jeni ya VDR, ya kipokezi cha vitamini D, kwa kuwa vitamini hiyo husaidia seli za kinga kuua bakteria. Wapo waliokuta aina fulani ya jeni hiyo zaidi kwa wagonjwa. Ila ni msukumo mdogo, hautoshi kumtabiria mtu. Kasoro nzito za kurithi zipo, zile zinazovuruga intaferoni gama, kemikali ya mwili inayoamsha seli za kinga, lakini ni adimu na kwa kawaida hujionyesha utotoni, hata mtoto akaugua kutokana na chanjo ya BCG yenyewe.

Na wewe na dada mlilala chumba kimoja, au sivyo? Damu moja, hewa moja. Nani atazitenganisha?

Mgongo Chuma:
Mimi niliambiwa ni misuli, nikapakwa dawa ya kuchua hadi miguu ikaanza kufa ganzi. Kuchelewa ndiko kulikonipinda, jeni sijui. Ukiona miguu inalegea au mkojo unagoma, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kitindamimba:
Chumba kimoja, ndiyo. Na babu alikuwa mchimba migodi.

Nesi Mstaafu:
Basi mwambie mama mdogo kuhusu vumbi la mawe. Likishaharibu mapafu, TB hupata njia rahisi, na kutoka hapo damu huwabeba bakteria hadi kwenye pingili. Dawa umeanzishwa? Za mgongo mara nyingi huenda miezi 9 hadi 12. Na wote mnaoishi nyumba moja wakapimwe, watoto wadogo kwanza.