Naomba ushauri: nihamie kamera ya midiamu fomati isiyo na kioo cha ndani?

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za watu na mandhari kwa kamera ya fulu fremu (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), ila sasa roho inanivuta kwenye Fujifilm GFX100S II, ambayo ni midiamu fomati, yaani sensa yake ni kubwa kuliko fulu fremu. Sensa hiyo, sehemu inayopokea mwanga, ni milimita 43.8 kwa 32.9, eneo karibu mara 1.7 ya fulu fremu, na ina megapikseli 102. Kilichonikamata hasa ni rangi ya ngozi na jinsi mwanga unavyofifia taratibu kuelekea kivulini. Ukichapisha picha kubwa ya ukutani, tofauti inaonekana.

Kinachonitia shaka ni harusi. Kasi ya kulenga (fokasi) si ya kukimbizana na watu wanaocheza, na flashi ya kawaida inaendana na shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) hadi 1/125 ya sekunde tu, wakati kamera ya midiamu fomati ya Hasselblad X2D, ambayo shata yake iko ndani ya lenzi, inafika 1/2000 au hata 1/4000, kutegemea lenzi. Kwenye jua kali, ambako shata inabidi iwe ya haraka ili mwanga usizidi, hilo si jambo dogo. Mafaili nayo ni mazito, kompyuta italemewa.

Mliohama, mlibaki na kamera ya zamani kwa kazi za haraka? Na lenzi ya kuanzia iwe ipi, milimita 80 f/1.7 au 110 f/2 (f ni uwazi wa lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi)?