Land Rover 109 linachemsha, na likiwa moto haliwaki

Kutoka: mwanachama wa Nakuru, sasa Ilazo, Dodoma

Hamjambo ndugu zangu mlioko ugenini kama mimi, na wenyeji mliotupokea.

Gari ni Land Rover Series III, 109, la mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Ni gari langu la kwanza la zamani. Asubuhi linawaka bila shida. Baada ya dakika 20 mjini mshale wa joto unafika juu kabisa, na nikilizima haliwaki tena mpaka nusu saa ipite. Linakunywa petroli kupita kiasi, linatoa moshi mweusi, na breki zinavuta kushoto. Ushauri niliopewa gereji ni kubadilisha kabureta, rejeta na koili kwa mkupuo. Kuna mwanachama mwenzetu Uingereza anaweza kunitumia spea, ila sitaki kuagiza kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Jibu kutoka: Kizota, Dodoma

Ndugu, karibu sana Dodoma. Usinunue chochote kwanza. Hayo matatizo uliyoyataja yako manne, na kila moja lina kipimo chake. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja, gari likipona hutajua kilichokuwa kibovu, na lisipopona utakuwa umeongeza vitu vitatu vya kutilia shaka.

Anza na kutowaka likiwa moto, kwa sababu kipimo chake ni cha dakika tano na hakina gharama. Lisubiri likatae kuwaka. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma chake kikigusa bloku mbali na kabureta, kisha mwenzio apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio inamaanisha umeme upo, kwa hiyo tatizo liko kwenye mafuta. Cheche nyekundu dhaifu, au kutokuwepo kabisa, kunakupeleka kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi). Hapo mshukiwa wa kwanza ni kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme: ikiwa ya baridi inafanya kazi, ikipata joto inakata. Wa pili ni rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, hasa zile zenye ripiti ya chuma juu, maana umeme huvuja kupitia humo kwenda kwenye shafti. Koili ije mwisho. Ipime kwa mita kwenye nguzo zake mbili ndogo, waya zikiwa zimetolewa: koili ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje husoma karibu omu 3. Ipime tena ikiwa ya moto.

Kama cheche ipo, ujue kwamba kwenye injini hii kabureta na manifoldi ya ekzosi viko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini. Ukizima gari, feni inasimama, joto lote linapanda, na petroli iliyo kwenye kabureta inachemka na kumwagikia ndani ya manifoldi. Injini inakuwa imezama kwa petroli. Dereva anapiga pedali mara kumi akidhani anasaidia, na kila pigo linaongeza petroli. Fanya kinyume: kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie hapo hapo bila kupampu, kisha piga stata kwa sekunde kumi. Likiwaka kwa namna hiyo na kutoa moshi mweusi, jibu umelipata. Baada ya hapo angalia kama kipande cha kuzuia joto kilicho chini ya kabureta bado kipo. Mara nyingi kimetolewa na mahali pake pamewekwa gasketi nyembamba ya karatasi. Kirudishwe.

Sasa kuchemsha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Dodoma ina mambo yake.

Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Maji ya wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule wa paundi 9 unaongeza kama nyuzi 15 kabla maji hayajachemka. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imelegea, unaendesha gari kama sufuria isiyo na kifuniko. Mfuniko ndio spea ya kwanza kununua, na ni ya bei ndogo kuliko zote. Usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka.

Pili ni maji yenyewe. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, kila anayechemsha chai hapa ameona ukoko mweupe kwenye birika. Ukoko huohuo unajenga ndani ya bloku na kwenye mirija ya rejeta. Gari lililojazwa maji ya bomba kwa miaka 40 lina chokaa ya kutosha kuzuia joto lisitoke kwenye chuma. Kabla ya kuitupa rejeta, safisha hivi: mwaga maji yote kwa koki mbili, moja chini ya rejeta, nyingine upande wa kushoto wa bloku. Hiyo ya bloku karibu kila mara imeziba kwa tope. Ifungue yote na uchokoe kwa waya mpaka tope litoke. Jaza maji safi na gramu 250 za asidi ya sitriki, ile ya unga. Mfumo mzima unachukua lita 10 na robo. Washa injini, ikifika joto la kazi iache kwa dakika 20 hadi 30, izime, ipoe, mwaga. Suuza mara tatu au mpaka maji yatoke meupe. Usiiache asidi ilale humo usiku, kwa sababu nyumba ya themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto) ni ya alumini na italiwa. Kisha jaza nusu koolanti na nusu maji ya mvua au maji ya betri. Dukani taja wazi kwamba unataka yale yasiyo na asidi.

Tatu ni themostati. Nina hakika kiasi kwamba haipo. Huku wengi huitoa wakiamini inasababisha joto. Kwenye injini hii kuna mpira mdogo wa njia ya mkato unaorudisha maji kwenye wota pampu bila kupita kwenye rejeta. Bila themostati, sehemu ya maji inazunguka humo siku nzima. Weka ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na 82. Isiposogea mpaka maji yachemke, rudisha dukani.

Nne, kava ya feni, lile bati la duara nyuma ya rejeta. Likikosekana, feni inazungusha hewa ileile ya moto kila unaposimama kwenye foleni. Na mwisho pulizia rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mbegu za nyasi za barabara ya Kondoa zikijazana kwenye mapezi hazionekani kwa mbele.

Ukimaliza yote haya na bado linachemsha, fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama maji. Mapovu yanayotoka mfululizo yakifuata mlio wa injini ni gesi ya silinda, maana yake gasketi ya hedi. Hilo tutaliongea likifika.

Jibu kutoka: Coventry, Uingereza

Salaam kaka wa Ilazo. Kaka wa Kizota amemaliza sehemu yake, mimi niongezee upande wa kuagiza.

Ukiandika tu "Land Rover ya zamani" utatumiwa spea isiyoingia. Andika: Series III, 109, petroli 2.25, usukani kulia, pamoja na namba ya chesisi yote hadi herufi ya mwisho. Hiyo herufi ndiyo inayotofautisha matoleo ya gia boksi na vitu vingine. Namba imegongwa kwenye chesisi mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikiwa. Ikwangue rangi taratibu kwa brashi ya waya. Namba ya injini iko upande wa kushoto wa bloku karibu na manifoldi ya ekzosi. Zote mbili zilinganishe na kadi ya gari. Injini nyingi zimebadilishwa, na kama kadi haisomi hivyo ni vyema ulimalize TRA (mamlaka ya mapato) mapema kuliko barabarani.

Breki za 109 ni dramu za inchi 11. Ukitumiwa za 88 za inchi 10 hazifai kitu. Kabureta iangalie jina lake kabla ya kuagiza kiti chake (seti ya vipuri vya kuitengeneza): ya kiwandani ni Zenith 36IV, lakini magari mengi yamewekewa nyingine.

Agiza huku: kiti cha kabureta, kondensa na rota za ubora (hapa usiokoe senti, za bei ya chini zinakufa zikiwa mpya), themostati, na mipira ya wili silinda (silinda ndogo za breki kwenye magurudumu). Nunua huko au Gerezani, Dar es Salaam: fenibelti, bearingi, oili sili, mipira ya maji, plagi. Bearingi na sili zina namba zimeandikwa juu yake. Peleka namba au peleka ya zamani, usipeleke jina la gari.

Spana zako za milimita hazitoshi. Boliti nyingi ni za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 3/4. Spana ya 13 kwenye boliti ya nusu inchi inaingia ikiwa na nafasi, halafu inakula kona za boliti, na baada ya hapo ni patasi.

Jambo moja la usalama: usimpe msafiri kabureta iliyokwisha kutumika, petroli, wala mafuta ya breki aweke kwenye sanduku la ndege. Kabureta yenye mabaki ya petroli inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari.

Jibu kutoka: Ilazo

Asanteni sana, kaka na dada. Majibu ya vipimo: themostati haipo, nyumba yake tupu. Kava ya feni haipo. Cheche ya moto ni ya buluu. Kukanyaga pedali mpaka chini kumeliwasha mara mbili kati ya mbili. Mfuniko mpya nimeweka. Kabureta ni Zenith 36IV. Moshi mweusi bado, na breki bado.

Jibu kutoka: Manyoni, Singida

Vizuri, basi koili imeshajitetea.

Moshi mweusi: kabla ya kabureta fungua chujio la hewa. Hilo ni la oili, halina karatasi. Bakuli linachukua lita 0.85 ya oili ya injini, mpaka kwenye alama, isizidi. Oili ikizidi inavutwa ndani, ikipungua vumbi linapita. Ukikuta tope zito, hewa haipiti na injini inavuta petroli badala yake. Wakati wa kiangazi, kama unatoka nje ya lami, ifungue kila wiki. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa muhogo, na likifika kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Kumbuka pia hewa ya Dodoma ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam itakuwa na petroli nyingi huku.

Zenith 36IV ina ugonjwa mmoja mkubwa: kifuniko cha juu kinapinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi. Kikipinda, petroli inapita pembeni ya jeti na hakuna kusetiwa kutakakosaidia. Itoe, fungua skrubu za juu, weka ukingo wa rula ya chuma juu ya uso. Mwanga ukipita katikati, imepinda. Laza msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo kinene, lowesha, sugua uso kwa mzunguko wa namba nane bila kukandamiza mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Badilisha mpira mdogo wa duara ulio kati ya kifuniko na mwili, umo kwenye kiti. Rudisha skrubu kwa kukaza kidogo kidogo kwa kupishana. Kisha sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga pedali): skrubu ya mchanganyiko ipeleke ndani mpaka iguse kwa upole, irudishe mzunguko mmoja na nusu, tafuta mahali injini inapotulia ikiwa ya moto.

Lakini usiiguse kabureta kabla ya tapeti (nafasi za valvu) na pointi (vile vyuma viwili vinavyokata na kuunga umeme ndani ya distribyuta). Pointi za distribyuta ziwe milimita 0.35 hadi 0.40. Zikijifunga kwa kuchakaa, moto unachelewa, na moto ukichelewa injini inachemsha, hilo linaingia kwenye tatizo lako la kwanza. Plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Tapeti zote nane milimita 0.25, na njia rahisi ni kujumlisha tisa: valvu ya 1 ikiwa imefunguka yote unaseti ya 8, ikifunguka ya 3 unaseti ya 6, ya 5 kwa ya 4, ya 2 kwa ya 7, na kinyume chake. Zipime kila kilomita 5,000. Injini hizi zilibuniwa wakati wa petroli yenye risasi, na sasa hatuna hiyo. Siti za valvu za ekzosi zinazama polepole na nafasi inapungua. Tapeti isiyopiga kelele kabisa kwenye injini hii ikutie wasiwasi kuliko inayogonga kidogo.

Jibu kutoka: Kizota

Breki. Kuvuta kushoto kunaweza kuwa kushoto kunashika sana au kulia hakushiki, na mara nyingi ni la pili. Piga jeki mbele, toa dramu la kulia. Ukikuta oili nyeusi nzito ni sili ya habu. Ukikuta majimaji mepesi ni wili silinda. Breki shuu zilizolowa oili hazioshwi zikapona, badilisha kulia na kushoto pamoja. Kila gurudumu la mbele lina adjasta mbili: geuza mpaka gurudumu ligome, legeza mpaka lizunguke huru, rudia kwa ya pili. Kutoa upepo anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mipira ya breki isioshwe kwa petroli wala dizeli, inavimba. Tumia mafuta ya breki yenyewe, DOT 3 au 4.

Ukishaweka themostati na kava, lijaribu saa saba mchana, jua likiwa kali: panda mlima wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwa gia ya tatu, simama juu, liache likinguruma dakika kumi, lizime, subiri dakika tano, liwashe. Tuandikie mshale ulifika wapi kabla ya kuzima na ulifika wapi ulipowasha tena. Kwa namba hizo mbili tutajua kama ni rejeta ya kupeleka kwa fundi wa kuchomea afungue matanki yake na kupitisha chuma kwenye mirija, au inaweza kubaki ilivyo.